Mkisema Lamu, Mnaishia Wapi?

Mkisema Lamu mnamaanisha punda, milango ya kuchongwa, samaki wa kupaka Shela na picha ya jua likizama. Waliosoma habari kidogo zaidi wanamaanisha bandari. Wale wa harakati wanamaanisha makaa ya mawe, na tishati za kampeni bado wanazo kabatini. Kiunga hamuimaanishi. Na Kiunga ni Lamu pia: Lamu Mashariki, upande wa bara, mwisho kabisa wa pwani ya Kenya, ukisogea kidogo uko Ishakani, ukisogea tena uko Somalia. Ukitoka Amu kwa mashua unapita mkondo wa Mkanda, unatokea ghuba ya Manda, unaziona gati za bandari mkono wako wa kushoto, halafu unaendelea kupanda kaskazini, Pate, Ndau, Kiwayu, Mkokoni, mpaka unachoka kuuliza kama tumefika.

Nina ugomvi na watu wawili. Wa kwanza ni serikali, na ugomvi huo mmeuzoea, hamtashtuka. Wa pili ni sisi wenyewe tunaojiita watetezi wa Lamu: wanaharakati wa Amu mjini, marafiki zao wa Nairobi, na waandishi wa kuokoteza kazi kama mimi. Ninachodai ni hiki: harakati zetu zilishinda pale ambapo moshi ungeonekana kutoka Nairobi. Pale ambapo hasara ilikuwa chini ya maji, tulikubali kuhesabiwa pesa. Sina chuki na pesa, niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu yake. Lakini mtu akishalipwa anahesabiwa kuwa ameuza, hata kama hakuwahi kuweka chake sokoni, na aliyeuza haulizwi maoni tena.

Tuanze na bandari. Tarehe 2 Machi 2012 marais Mwai Kibaki na Salva Kiir, pamoja na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia, walikuja Lamu kuzindua LAPSSET. Gati 32, reli, bomba la mafuta, barabara kuu hadi Isiolo na kutoka huko hadi Juba na Addis Ababa, uwanja wa ndege, mji wa kitalii. Gati ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021, na zilizojengwa ni tatu. Bomba halijafika. Reli haijafika. Kilichofika mapema kuliko vyote ni mashine ya kuchimba bahari.

Hili la kuchimba lieleweke vizuri, kwa sababu ndipo mambo yalipoharibika. Meli kubwa inataka kina kirefu, kwa hiyo sakafu ya bahari inachotwa. Ile inayochotwa ni makazi: nyasi za bahari ambamo samaki wadogo hukua, matumbawe, vichaka vya mikoko pembezoni. Tope linalotimka halikai pale pale, linasafiri na maji na kutua juu ya miamba ambayo haikuguswa. Sasa mvuvi wa Lamu ana mashua ya tanga, au dau, au kijingine chenye injini ndogo. Kaskazi ikivuma, bahari inatulia na anaweza kutoka nje ya mwamba. Kusi ikiingia, kuanzia kama Aprili hivi, bahari ya nje inachafuka miezi na miezi, na yeye anabaki ndani, kwenye ghuba na mikondo. Ghuba ya Manda ilikuwa ghala lake la kusi. Bandari haikuchukua sehemu moja ya bahari yake kati ya nyingi. Ilichukua ile ya kumvusha msimu wa njaa.

Watu walikwenda mahakamani, na hapa lazima niwape heshima yao. Kesi ilifunguliwa 2012 na wakazi wa Lamu wakiongozwa na Mohamed Ali Baadi. Tarehe 30 Aprili 2018, majaji wanne wa Mahakama Kuu walisema mambo ambayo ofisi za Nairobi hazikuzoea kuambiwa: kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, kwamba walinyimwa habari, kwamba haki yao ya mazingira safi na ya utamaduni wao ilivunjwa, na kwamba uvuvi wa jadi ni haki inayostahili kulipwa ukiharibiwa. Wakaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600.

Bilioni! Vichwa vya habari vilivimba. Hebu sasa gawa. Ukiigawa sawasawa, kila mvuvi anapata kama laki tatu na elfu themanini. Baadaye pande zikakubaliana kwamba asilimia 65 iwe pesa taslimu na 35 iwe vifaa na miradi. Kwa hiyo mkononi ni kama laki mbili na nusu, kwa bahari ambayo babu wa babu yake alivua na ambayo mjukuu wake hataivua. Na hata hiyo haikuja kesho yake. Orodha zikahakikiwa, zikahakikiwa tena, mikutano juu ya mikutano, kusi zikaingia na kutoka.

Laki mbili na nusu hainunui mashua ya kukabili bahari kuu pamoja na injini yake, nyavu za kina kirefu na barafu. Na hapa ndipo ujanja ulipo. Jibu la serikali kwa mvuvi aliyefungiwa ghuba lilikuwa: nenda bahari kuu. Vizuri. Kwa chombo gani? Unamlipa mtu thamani ya baiskeli halafu unamwambia barabara iliyobaki ni ya malori.

Sasa Kiunga inaingiaje? Inaingia kwa njia rahisi kabisa. Mvuvi anayesukumwa kutoka Manda haachi kuwa mvuvi, anatafuta maji mengine, na maji yaliyobaki yako juu, Pate, Ndau, Kiwayu, mpaka kwetu. Lakini maji ya Kiunga si ya mtu kuja tu na kutupa wavu. Tangu 1979 ni Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, na ipo kwa sababu nzuri: kasa wanataga pale, nguva wamewahi kuonekana pale, na matumbawe yake ni ya mwisho mwisho upande wa kaskazini mwa Kenya. Mimi si adui wa kasa. Ila angalia picha nzima: kusini, serikali inachimba sakafu ya bahari kwa ajili ya meli; kaskazini, serikali hiyo hiyo inamwambia mvuvi ahurumie matumbawe. Mvuvi ndiye peke yake katika hadithi hii anayetakiwa kuwa mhifadhi.

Na hii si mara ya kwanza mstari kuchorwa juu ya vichwa vyetu. Kati ya 1963 na 1967, wakati wa vita vya Shifta, vijiji vya Wabajuni vya upande wa bara viliachwa vitupu. Ishakani, Rubu, Mwambore: watu walikimbilia visiwani, wengine Malindi na Mombasa, wakiacha minazi, misikiti na makaburi. Waboni wa msituni walikusanywa vijiji vya kando ya barabara, na 1977 uwindaji ulipopigwa marufuku nchi nzima wao wakaamka wahalifu. Wazee waliondoka wakidhani ni kwa muda. Wengine hawakurudi, na waliorudi walikuta kwamba kutokuwapo kwao kumeandikwa kwa lugha ya serikali: ardhi isiyo na mtu. Kila nikisikia mtu wa ardhi akisema bara ya Lamu Mashariki ni tupu, nataka kumuuliza nani aliitupua. (Najua neno hilo halipo. Lingekuwapo lingetusaidia.)

Kisha ukaja usiku. Septemba 2011 watalii walivamiwa Kiwayu, Oktoba jeshi likaingia Somalia, Juni 2014 Mpeketoni ikashambuliwa na makumi ya watu wakauawa. Hofu ilikuwa ya kweli na bado ni ya kweli. Barabara ya Hindi hadi Kiunga kupitia msitu wa Boni imeua askari na raia kwa mabomu ya kutegwa. Sidharau hata risasi moja. Lakini jibu lililoletwa baharini lilikuwa kupiga marufuku kuvua usiku, na marufuku hiyo ilikaa miaka. Hata ilipolegezwa, mvuvi alibaki na ruhusa inayotegemea nani yuko zamu na ameamkaje.

Mtu wa mjini atauliza, si avue mchana? Nilimuuliza ami yangu swali hilo hilo, akaniangalia kama mtu aliyeuliza kwa nini mkate hauokwi bila moto. “Mwanangu,” akasema, “samaki hajui kafyu.” Jarife hutegwa jioni na kuvuliwa alfajiri, kwa sababu mchana samaki anauona uzi. Kamba, wale wakubwa wa miambani wanaopelekwa hotelini Malindi na Mombasa, hukaa mapangoni mchana na hutoka usiku kutafuta chakula. Na maji kujaa na kutoa hayafuati saa ya kituo cha polisi. Ukimkataza mvuvi usiku hujampunguzia saa za kazi, umempokonya kazi yenyewe na kumwachia chombo.

Niambieni, kwa usiku huo nani alikwenda mahakamani? Nani alichapisha tishati? Bandari ilipochukua Manda tulipata kesi na majaji wanne. Usalama ulipochukua usiku wa Kiunga tulipata kimya, kwa sababu neno usalama likitajwa hata mwanaharakati jasiri huinamisha kichwa na kuangalia viatu vyake.

Mnikumbushe makaa ya mawe basi, kwa sababu najua mnataka kunikumbusha. Ndiyo, ule ulikuwa ushindi. Amu Power ilitaka kujenga mtambo wa megawati 1,050 pale Kwasasi, kwa dola bilioni mbili, katika kaunti yenye mji uliowekwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001. NEMA ilitoa kibali 2016. Save Lamu na wenzao walipeleka shauri kwenye Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 kibali kikafutwa, kwa sababu kubwa kwamba ushirikishwaji wa wananchi haukufanyika inavyotakiwa. Mwaka uliofuata benki ya Kichina iliyotarajiwa kufadhili ikajitoa. Mwaka 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ikaitupa rufaa ya kampuni. Wazee wetu na mama zetu walioketi kwenye mabenchi ya mahakama miaka yote hiyo hawana deni kwangu.

Lakini tujiulize kwa nini kesi hii ilipata marafiki wengi kuliko nyingine zote. Makaa yana moshi, na moshi una lugha ya kimataifa. Mtu wa Berlin anaelewa moshi. Mtu wa Kilimani anaelewa moshi. Kampeni ilipata mashirika, wasanii, kamera. Mtambo ulikuwa haujajengwa, kwa hiyo ushindi wake ulikuwa ni kubaki tulivyo. Usiku wa Kiunga hauna moshi. Kushinda kule kunataka serikali irudishe kitu ilichokwisha kuchukua, na hilo ni jambo zito zaidi, halipigiki picha.

Kuna sababu nyingine, na hii nimeipata nilipokuwa nasoma habari za Mombasa. Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waliweka vifaa chini Mombasa. Bandari, reli, hoteli, majumba ya wakubwa, vyote vilisimama kwa karibu wiki mbili. Kutoka kwenye mgomo ule likazaliwa shirikisho la wafanyakazi Waafrika lililoongozwa na Chege Kibachia, na wakoloni walimwogopa kiasi kwamba Agosti mwaka ule ule walimkamata na kumpeleka kizuizini Baringo. Mkimtia mtu kizuizini miaka kumi kwa kupanga mgomo, mnakiri kwamba mgomo wake una nguvu.

Nguvu ile ilitoka wapi? Bandari ya Mombasa ilihitaji mabega. Magunia yalibebwa na watu, na watu wakikaa chini, meli inakaa baharini. Bandari ya Lamu imekuja wakati wa kontena na kreni. Inahitaji maji yetu, haihitaji mabega yetu. Vijana wetu walipewa ufadhili wa kusomea kazi za bandari; waulizeni wangapi wanafanya kazi hizo leo. Wavuvi wote wa Kiunga wakigoma kesho, atakayeshinda njaa ni Kiunga. Hatuna cha kusimamisha. Ndiyo maana tuliegemea mahakama, na si kosa, maana ndiyo silaha iliyokuwepo. Lakini mahakama inampenda mwenye karatasi, mwenye ofisi Amu, mwenye nauli ya kufika Malindi, mwenye kitambulisho. Na kwetu kitambulisho chenyewe kilikuwa vita. Kwa miongo, kijana wa mpakani aliitwa mbele ya kamati kuthibitisha kwamba yeye si Msomali wa ng'ambo, mpaka Februari 2025 Rais Ruto alipotangaza kwamba uhakiki ule umekwisha. Tangazo tumelisikia. Tunasubiri tuone ofisi ya mpakani kama nayo imelisikia.

Waingereza, waliotuletea neno maendeleo na bunduki yake, walipitia enzi ya viwanda wenyewe, na watu wao maskini hawakunyamaza. Mwaka 1838 waliandika Mkataba wa Watu wenye madai sita. Walikuwa na njaa, viwanda vilikuwa vinawasaga pamoja na watoto wao, na mngetarajia waombe mkate. Waliomba kura. Walitaka kila mwanamume apige kura, kwa siri, na mbunge asihitaji kuwa na mali. Mwaka 1842 walipeleka ombi lenye sahihi zaidi ya milioni tatu, Bunge likalikataa. Viongozi wao wakafungwa. Lakini madai matano kati ya sita ni sheria leo. Wangedai mkate wangepewa mkate, pengine, kwa mwaka mmoja.

Sisi tulidai mkate. Tulipoulizwa mnataka nini, tulisema fidia, kwa sababu ndilo dirisha lililokuwa wazi. Tangu hapo kila mradi ukija, mwekezaji, mwanasiasa na hata mwenyekiti wetu wa kijiji wanajua wimbo: fidia ni ngapi? Mikutano inayoitwa ya kushirikisha wananchi imegeuka mnada wa kwenda chini. Soda, maandazi, posho ya nauli, karatasi ya kutia sahihi. Anayeuliza swali la pili anaambiwa anachelewesha maendeleo, na la tatu anaulizwa ametumwa na nani.

Mnaosoma hapa wengi wenu mlikuwa barabarani Juni 2024. Tarehe 26 Juni Rais alikataa kuutia sahihi Mswada wa Fedha, miaka mitano kamili siku ile ile baada ya kibali cha makaa kufutwa. Mlikufa wengine, na sitaki kulipitia hilo kwa haraka. Mlichofanya ni kukataa kuambiwa tutawaongezea hiki mkinyamaza. Mlisoma mswada kifungu kwa kifungu, mkautafsiri kwa lugha za nyumbani, mkapigia wabunge simu mpaka wakazima. Ustadi huo ndio ninaouomba. Kiunga haiwezi kujaza barabara, haina barabara ya kujaza, na kundi la vijana mia wakikusanyika karibu na kambi ya jeshi mpakani halitaitwa maandamano. Lakini kusoma karatasi na kusumbua ofisi mnaweza kwa niaba yetu, kutoka mlipo, kwa simu.

Basi acheni kutuombea fidia. Tusaidieni kudai maamuzi. Bandari inasimamiwa na watu wanaokaa meza fulani. BMU za Lamu Mashariki ziwe na viti pale, vyenye kura, na wavuvi wawe na mamlaka ya pamoja na shirika la wanyamapori juu ya maji ya hifadhi, maana wao ndio wanaojua kasa anataga wapi. Vijiji vilivyoachwa wakati wa Shifta vipimwe na kuandikishwa kwa majina ya waliofukuzwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, kabla ya mpimaji wa mradi mwingine kufika na ramani yake tupu. Na kila amri inayozuia mtu kwenda baharini iwe imeandikwa, iwe na sahihi ya mtu mwenye jina, na iwe na tarehe ya kuisha.

Hili la mwisho tunaweza kulianza wiki hii. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa mtu aliyeumizwa na uamuzi wa serikali haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya habari iliyo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ijibu ndani ya siku 21. Barua ni ya ukurasa mmoja na haitaki wakili. Iandikeni kwa Wizara ya Usalama wa Ndani, nakala kwa kamishna wa kaunti ya Lamu, na mwulize: masharti ya kuvua usiku kati ya Kiwayu na Ishakani yako kwenye amri gani, nani aliitia sahihi, ilitolewa tarehe gani na inaisha lini. Jibu likija, au lisipokuja, liwekeni hadharani pamoja na tarehe mliyotuma.